Ndege ni zetu, sangara anapandia kwa jirani

SANGARA aliyevuliwa usiku katika maji ya Ukara au Irugwa ana safari ndefu kuliko ya mvuvi aliyemvua. Alfajiri anapimwa mwaloni, analazwa kwenye barafu ndani ya boti ya kukusanyia samaki, anavuka kwenda Mwanza na kuingia kiwandani, ambako anachunwa ngozi na kutolewa minofu. Kutoka hapo, kama minofu hiyo inakwenda Ulaya ikiwa mibichi bila kugandishwa, mara nyingi haiendi katika uwanja wa ndege wa Mwanza, ambao uko hapo hapo Ilemela. Inapakiwa kwenye lori lenye jokofu, inapita Musoma na kuvuka mpaka wa Sirari kwenda Nairobi. Nyingine inalizunguka ziwa kwa upande wa magharibi, inapita Bukoba na Mutukula kwenda Entebbe. Huko ndiko inakopanda ndege.

Kwa watu wa Nansio jambo hili limekuwa la kawaida kiasi kwamba hakuna anayeliuliza tena. Lakini linastahili kuulizwa sasa kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu katika miaka hii Serikali imetumia fedha nyingi za walipa kodi, akiwamo mvuvi na muuza dagaa, kununua ndege. Je, ndege hizo zimebadili nini katika bei ya kilo moja ya sangara mwaloni?

Tuanze na ndege zenyewe. Shirika la Ndege la Tanzania lilizaliwa Machi 1977, baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la Afrika Mashariki lililokuwa likihudumia nchi tatu tangu mwaka 1946. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa zake ziliuzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini. Ndoa hiyo haikudumu, na mwaka 2006 Serikali ikaamua kuzirudisha hisa hizo. Desemba 2008 ATCL ilinyang'anywa cheti cha kurusha ndege, ikarudishiwa mwezi uliofuata. Baadaye hali ikawa mbaya hadi shirika la taifa zima likabaki na ndege moja ndogo ya kuruka.

Kuanzia Septemba 2016 mambo yaligeuka. Zilifika Bombardier mbili za mapangaboi, kisha Julai 2018 Dreamliner ya kwanza, kisha Airbus A220, kisha Boeing 737 Max. Agosti 2024 ilipofika Dreamliner ya tatu, hesabu ya ndege ilikuwa 16. Ndege hizo kwa karatasi ni mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL inazikodi. Leo msafiri wa Mwanza anaruka asubuhi kwenda Dar es Salaam, anafanya shughuli zake Kariakoo na jioni yuko nyumbani. Hilo ni jambo kubwa kwa mwenye uwezo wa nauli.

Hata hivyo, kununua ndege ni jambo moja, kuziendesha kwa faida ni jingine. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinaonyesha kuwa ATCL ilipata hasara ya Sh35.2 bilioni mwaka wa fedha 2021/22, Sh56.6 bilioni mwaka 2022/23 na Sh91.8 bilioni mwaka 2023/24. Hasara inakua kadiri ndege zinavyoongezeka. Sehemu ya sababu haikuwa ya ATCL peke yake: injini za A220, zinazotengenezwa na kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani, zilikuwa na hitilafu iliyoyakumba mashirika mengi duniani, na ndege zikakaa chini kwa miezi zikisubiri injini. Mwenye mtumbwi anaelewa haraka: injini ikiharibika, mkopo haungoji.

Upande wa sekta binafsi nao una mafunzo yake. Novemba 2012 Fastjet ilianza safari za Mwanza na Kilimanjaro kutoka Dar es Salaam kwa nauli iliyoanzia Sh32,000 bila kodi. Wafanyabiashara wadogo ambao hawakuwahi kufikiria kupanda ndege walipanda. Kufikia mwisho wa mwaka 2018 Fastjet ilikuwa imekoma Tanzania. Nauli ya chini ilileta abiria, lakini mafuta, kodi, tozo za viwanja na ukodishaji wa ndege hulipwa kwa bei ile ile, iwe tiketi imeuzwa ghali au rahisi.

Hayo ni ya abiria. Kwa watu wa ziwani, kazi ya kwanza ya ndege ilikuwa shehena.

Wasomaji wa umri wa makamo wanazikumbuka Ilyushin. Viwanda vya minofu viliposhamiri Mwanza katika miaka ya 1990, madege hayo makubwa ya Kirusi yalikuwa yakitua na kuondoka na shehena ya samaki, na mngurumo wake ulisikika mbali ziwani. Biashara hiyo ilikuwa na hatari zake. Februari 2000 Boeing 707 iliyokuwa ikija kuchukua samaki iliangukia ziwani karibu na uwanja, wafanyakazi wake watano wakaokoka. Machi 2005 Ilyushin iliyopakia takriban tani 50 za minofu ilianguka ziwani muda mfupi baada ya kuruka, na watu wote wanane waliokuwamo walikufa. Filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, iliyoonyesha ndege hizo na mapanki yanayoliwa na wenyeji, iliipa biashara hii jina baya Ulaya, na Rais Kikwete aliipinga hadharani mwaka 2006.

Lakini si filamu iliyoziondoa Ilyushin Mwanza. Zilikuwa ndege kongwe, zinazobugia mafuta na zenye kelele ambazo viwanja vya Ulaya vilianza kuzikataa. Samaki nao walipungua, ikawa vigumu kujaza tani 40 au 50 kwa siku moja. Tena kulikuwa na tatizo ambalo halijaondoka mpaka leo: ndege inakuja Mwanza ikiwa tupu. Mwenye ndege lazima amtoze mwenye samaki gharama ya kuja na ya kurudi. Mtu aliyewahi kukodi lori kupeleka machungwa mjini, likarudi bila mzigo, anajua nani hulipa safari ya kurudi.

Nairobi haina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Ndege za shehena zinakwenda huko kila siku kuchukua maua na mbogamboga, na ndege kubwa za abiria za Ulaya na Uarabuni zina nafasi tumboni chini ya viti. Minofu ya Mwanza inaingia katika nafasi hizo kama abiria anayepata kiti kilichobaki, kwa bei ambayo ndege iliyokodiwa maalumu haiwezi kuifikia. Mafuta ya ndege ya Nairobi yanafika kwa bomba kutoka Mombasa. Ya Mwanza yanatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Ndiyo maana mwandishi huyu hakubaliani na wale wanaosema kupitishia samaki kwa jirani ni hujuma au ukosefu wa uzalendo wa wenye viwanda. Wanafuata hesabu. Maua ya Arusha na parachichi za Njombe zimekuwa zikifuata hesabu hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba anayepandia gari la jirani huondoka kwa saa ya jirani. Kila mwaka kuelekea Februari 14, siku ya wapendanao, waridi la Kenya hujaza ndege na nafasi ya mizigo mingine huwa finyu. Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma, safari zikasimama. Mvuvi wa Ukerewe hakuwa na ugomvi na mtu Nairobi, lakini minofu mibichi haijui kusubiri. Ikichelewa, inagandishwa na kusafirishwa kwa meli, na huko inakutana na samaki wa kufugwa wa Vietnam wanaouzwa kwa bei ya chini sana.

Juni 2023 ilionekana kama dawa imepatikana. Siku hiyo ilipokewa Dar es Salaam Boeing 767 ya mizigo, yenye uwezo wa kubeba tani 54, ya kwanza ya aina yake kwa ATCL. Kanda ya Ziwa ilitajwa mara nyingi katika hotuba, samaki wakiwa mbele na nyama nyuma yake. Kilichofuata kinaeleza biashara hii kuliko hotuba. Januari 15, 2024 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ilitangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kuja Dar es Salaam, kwa sababu Kenya ilikuwa imeikatalia ndege hiyo ya mizigo ruhusa ya kupakia shehena Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Mawaziri wa nchi mbili walizungumza na mgogoro ukamalizwa mara moja, kabla marufuku haijaanza.

Wengi walishangilia kama timu ya mpira. Wachache walijiuliza kwa nini ndege yetu ya tani 54 ilikuwa inahitaji sana mzigo wa Nairobi. Jibu ni lile lile la Ilyushin: Mwanza peke yake haiijazi, na hakuna cha kutosha cha kurudi nacho. Ndege ya mizigo inaishi kwa kuunganisha vituo, inachukua kidogo hapa na kidogo pale.

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yananihusu nini mimi wa mwaloni? Tuchukue mfano wa hesabu, ambao namba zake ni za kuonyesha njia tu. Kupata kilo moja ya minofu kunahitaji samaki mzima wa kilo mbili na ushee, kwa kuwa kichwa, mifupa na ngozi vinaondoka. Tuseme gharama ya kufikisha kilo ya minofu sokoni imeongezeka kwa senti 20 za dola, kama Sh500. Kiwanda kikiamua kuisukuma yote chini, kila kilo ya samaki mzima inapungua zaidi ya Sh200. Mtumbwi ulioleta kilo 50 umepoteza zaidi ya Sh10,000 usiku mmoja, na mafuta ya injini, nyavu na posho ya vibarua haviji kwa punguzo.

Kweli, kiwanda hakiwezi kusukuma yote chini kila wakati. Samaki wanapokuwa haba, mawakala wanagombania na bei inapanda hata kama usafiri ni ghali. Wanapokuwa wengi, au mvuvi anapokuwa ametumia fedha za tajiri na analazimika kumpelekea yeye tu, basi kila gharama ya njiani humrudia. Kwa hiyo usafiri wa ndege humuumiza zaidi mwenye deni. Asiye na deni anaweza walau kumwambia wakala asubiri, akauza kwa wenye kayabo.

Mabondo nayo yana habari yake. Ni mepesi, yanakaushwa, na yana thamani kubwa kuliko nyama ya samaki mwenyewe, hivyo hayalemewi na nauli ya ndege. Lakini soko lake ni China na Hong Kong, na mwanzoni mwa mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga miji ya China na safari zake, bei ilianguka. Aprili mwaka huo Tanzania nayo ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa hadi Mei 18. Ndege za mizigo ziliruhusiwa, lakini ule mzigo wa tumboni mwa ndege za abiria haukuwapo tena, na walioutegemea walikaa.

Sasa limekuja jingine. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Juni 2025 marufuku ikapanuliwa hadi mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Sababu zilizotolewa hazikuwa uchakavu wa ndege. Nyingi ni mpya. Zilihusu usimamizi: upungufu wa wataalamu wenye sifa katika mamlaka na udhaifu wa ukaguzi wa uendeshaji na ubora wa ndege.

Ni muhimu mfanyabiashara aelewe uamuzi huo unafika wapi. Haujazuia samaki wetu. Minofu inayobebwa na shirika la Ulaya, la Ethiopia au la Uarabuni inaingia kama kawaida, hata kama ingepakiwa Mwanza. Kinachozuiwa ni sangara wa Ukerewe kwenda Ulaya kwa ndege ya Tanzania. Yaani ile 767 inaweza kwenda Dubai au Guangzhou, lakini soko lililoijenga Mwanza ya minofu limefungwa kwake hadi orodha hiyo, ambayo hupitiwa upya mara kwa mara, ibadilike.

Ziwa hili limewahi kupita njia hiyo hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1998 Ulaya ilizuia samaki wetu kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ikazuia tena kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Viwanda vilisimama na watu wa visiwani walikula hasara. Kelele za kwamba tunaonewa zilikuwapo, na pengine zilikuwa na ukweli kidogo. Lakini kilichofungua soko ni maabara, wakaguzi, mialo yenye sakafu na maji safi, na karatasi zinazoonyesha samaki alitoka wapi. Maabara ya ubora wa samaki ya Nyegezi ni urithi wa kipindi hicho. Anga nayo itafunguliwa na wakaguzi wenye ujuzi waliolipwa vizuri kiasi cha kutokimbilia mashirika ya nje, na wenye mamlaka ya kuizuia ndege isiruke hata kama ni ya Serikali. Ugumu uko hapo mwisho, kwa sababu mwenye ndege na mwenye mkaguzi ni mtu mmoja.

Rada zipo. Nne za kuongozea ndege za kiraia zilinunuliwa kwa mkataba wa mwaka 2017, na mojawapo iko Mwanza. Lakini Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa ikienda Bukoba ilianguka ziwani ikijiandaa kutua, ikiwa na watu 43. Walikufa 19. Waliofika kwanza kuwatoa watu walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, mmoja wao kijana Majaliwa Jackson, ambaye baadaye alipewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu wa Ukerewe hawakuhitaji kusimuliwa mara mbili. Walishayaona ya MV Nyerere pale Ukara, Septemba 20, 2018, ambapo watu 228 walipoteza maisha. Uangalizi wa chombo, kiwe cha majini au cha angani, unafanywa kabla ya safari.

Nini basi kifanyike? Kujenga viwanja vingi kuzunguka ziwa hakutoshi. Kiwanja cha Geita kilichopo Chato kina njia ndefu ya kurukia, lakini njia ndefu haileti mzigo. Kinachohitajika Mwanza ni ghala la ubaridi linalofanya kazi usiku na mchana, ukaguzi wa samaki na forodha unaomalizika uwanjani hapo hapo, mafuta yasiyo ghali kuliko ya jirani, na ushawishi kwa shirika moja tu la nje lenye ndege kubwa kupitia Mwanza mara mbili au tatu kwa wiki, likitoka au kwenda Entebbe, Kigali au Nairobi. Tani 10 katika ndege inayopita ni rahisi kupatikana kuliko tani 54 katika ndege inayongoja. Serikali inapenda kuona nembo ya twiga kwenye mkia, na si vibaya, lakini sangara hachagui nembo.

Kwa wa hapa Nansio kuna dogo la karibu zaidi. Ndege za ndani za Mwanza kwenda Dar es Salaam huchukua mizigo, na mahoteli ya Dar es Salaam yanahitaji samaki mbichi. Mfanyabiashara mmoja mwenye kilo 30 ni msumbufu kwa wakala wa mizigo. Watano waliounganisha mizigo yao, wenye kibali cha ofisa uvuvi na maboksi yasiyovuja, ni wateja. Kikwazo chao cha kwanza kiko majini. Mei 2024 MV Clarias ilipozama ikiwa imeegeshwa katika bandari ya Mwanza, ilionekana jinsi kisiwa kinavyotegemea vyombo vichache. Meli ikichukua saa tatu na kuchelewa nyingine mbili, barafu iliyopimwa kwa saa tano imeyeyuka kabla ya kufika Ilemela, na ndege ya mchana imekwisha kuondoka. Anayepita Rugezi kwa pantoni hadi Kisorya na kufuata lami ya Bunda ana uhakika zaidi wa njia, ila anaongeza kilomita na gharama ya gari. Hesabu hiyo kila mmoja aifanye kwa mzigo wake, na aanze na barafu.